Yaliyo Mkononi Mwako Si Maji

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa. Nakujua wewe: hata ukiugua utasimama jikoni ukoroge sufuria ili watu waseme mama ni mzima. Umeamkaje? Usingizi unaupata? Usinijibu "niko sawa tu" kama unavyomjibu kila anayepita hapo nje. Mimi ni wa tumbo lako, hiyo "niko sawa tu" yako naijua vizuri sana.

Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku Ujerumani imerudi, jua linachungulia kidogo halafu linajiendea, na nimezoea kuvaa soksi mbili mbili. Kazi iko. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona hapa chini. Ndugu yangu Muthama aliniambia mvua ilinyesha mara moja ikakata. Mbaazi zimeota? Na wale kuku waliobaki baada ya ule ugonjwa, wameanza kutaga?

Utashangaa kwa nini nimeandika barua kama watu wa zamani na simu iko. Nitakwambia ukweli. Nikikupigia simu unaweka spika. Muthama anachangia, mkewe Katunge anachangia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi anachangia, na wewe mwenye mkono mgonjwa unanyamaza. Barua haina spika. Isome mwenyewe kwanza, ndipo uwape. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kikamba changu cha kuandika unakijua, na wewe uliyefundisha katekisimu miaka yote hiyo utaanza kunisahihisha badala ya kunisikiliza. Ataileta Mama Ndinda, yule wa Kithimani ninayefanya kazi naye. Anakuja likizo, atampa Muthama hapo Masii siku ya soko pamoja na mzigo mdogo.

Sasa neno lenyewe. Uliniambia kuna mtu wa Mitaboni atakuja nyumbani akuchanje mkono kwa wembe, aunyonye kwa pembe, maji yatoke. Mwaitu, usikubali. Nakuomba. Na kama kuomba hakutoshi basi nakukataza, ingawa najua mtoto hamkatazi mzazi. Hata kama ameshapewa mbuzi, mwachie mbuzi aende naye.

Nimefikiria sana tulifikaje hapa, na naona tuliponzwa na neno moja. Walipokutoa titi la kulia, tulishukuru, tukachinja, padri akaja akaomba. Halafu mkono wa upande huo ukaanza kuvimba. Kwanza bangili ikakataa kutoka, kisha mkono wa blauzi ukabana, kisha hukuweza tena kusokota katani pajani ya kusukia vikapu vyako, vile vyondo. Ulirudi hospitali, na yule aliyekuona akasema bila hata kuinua macho, "Ni maji kidogo tu, mama, kansa imeisha." Maji. Basi Muthama akalichukua hilo neno akatunga sheria. Mama asinywe maji. Mama asinywe supu. Uji nusu kikombe. Na wewe ukacheka ukasema, "Sisi wa huku tunafuata maji na punda, na mimi yamenifuata mpaka mkononi." Tulicheka wote siku hiyo. Mimi nilicheka mpaka nikatoa machozi.

Siku hizi nikikumbuka sicheki. Maana mtu akishaambiwa ni maji, hatua inayofuata inajulikana: maji hutolewa. Huyo wa Mitaboni hakutudanganya. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshajidanganya, yeye amekuja tu na wembe.

Ngoja nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kwenye hii nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna mama anaitwa Hilde. Mimi namwita Susu, kama tulivyomwita mama yako, naye anaitika vizuri tu. Susu Hilde alikatwa titi kama wewe, na mkono wake ulivimba kama wako. Siku ya kwanza kumwogesha nilisimama na kitambaa mkononi nikashindwa kuendelea. Nilikuwa naangalia mkono wako. Mpaka ile ngozi inayong'aa, mpaka vile vishimo kwenye kiwiko.

Kuna mwanamke anakuja kumhudumia, jina lake Ulrike. Nilipomwona akifanya kazi nilimdharau. Kwetu mtu akikukanda unajua umekandwa. Unalia, unamtukana, kesho unamwita tena. Huyu anapapasa tu. Anaanzia shingoni, anaenda kwapa la upande mzima, anasogeza ngozi taratibu, anaachia, anasogeza tena, na huo mkono mgonjwa wenyewe anaufikia mwisho kabisa. Nikajiambia, huyu analipwa kwa kupapasa watu, Wazungu wana mambo. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Kwetu tunakanda kwa nguvu."

Akaniomba mkono wangu. Akaukanda kwa nguvu kama Mama Kioko anavyokukanda, vidole vikazama. Akasema, "Hapa nimeshika nyama." Halafu akalegeza, ngozi tu ikawa inasogea. "Hapa ndipo ninapoutafuta ugonjwa. Hauishi ndani huko, unaishi hapa juu."

Nilimsumbua kwa maswali mpaka Kijerumani changu kikaisha. Nilichoelewa ni hiki. Ukichuna mbuzi, kati ya ngozi na nyama kuna ule utando mweupe ambao kisu kinapita juu yake. Nasi tunao, na hauko chini ya ngozi tu. Umezunguka kila nyama na kila mfupa, umeshikanisha mwili mzima. Ndani ya utando huo mna mishipa midogo sana ambayo si ya damu. Inapitisha majimaji yanayoitwa limfu. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu haina moyo wake. Inasukumwa na mtu akitembea, akiinua mkono, akivuta pumzi mpaka tumboni. Na njiani inapita kwenye vile vitezi vya kwapani, vile vikivimba tunasema mtu ana mitoki. Wewe walipokutoa titi walitoa na vitezi vya kwapa. Walikuwa na sababu, ugonjwa ungeweza kujificha humo. Lakini njia ikazibwa, na hakuna aliyekaa nawe akakuambia.

Kwa hiyo yaliyo mkononi mwako si maji, Mwaitu. Ni mazito. Unajua maji ya kuchemshia mahindi ya muthokoi ukiyaacha kwenye sufuria yakapoa, yanavyoanza kushikana? Hayo majimaji nayo yakikaa mahali pamoja muda mrefu, ule utando unakuwa mgumu, unashikana na ngozi juu na nyama chini. Ndiyo maana siku hizi ukibonyeza mkono haubonyei kama mwanzo. Ndiyo maana bega halipandi. Utando ukikaza unabana neva, unavuta shingo, unavuta mgongo, na wewe unabaki unaumwa mpaka mahali ambapo hakuna aliyekugusa.

Hapo ndipo nataka usome polepole. Hayo maumivu yako ni ya kweli. Najua ulichoambiwa kwenye jumuiya ya kanisa, kwamba umepona kansa, badala ya kushukuru unanung'unika. Najua pia nani alisema, na nikija nitamsalimia vizuri tu lakini ndani ya moyo nitakuwa na langu. Kansa inaweza kuisha na maumivu yakabaki. Susu Hilde naye aliambiwa ni uzee. Alikuwa ananiambia mkono umejazwa mchanga, nami nilikuwa naitikia tu kama tunavyowaitikia wazee. Kumbe wewe ulikuwa unaniambia maneno hayo hayo kwenye simu, na Muthama anakukatiza, "Mama, si ulikunywa Panadol?"

Sasa kuhusu wembe. Hayo majimaji hayajakaa mahali pamoja kama usaha kwenye jipu, useme ukitoboa yatatoka yote. Yamelowa ndani ya utando, mkono mzima. Ukichanja yatavuja kidogo, mtu wa Mitaboni ataonyesha kwenye bakuli, nyinyi mtasema aah, yametoka. Kesho yamejaa tena. Na kuna baya zaidi. Ile mishipa na vile vitezi ndio pia askari wa mwili. Mkono wako hauna askari. Uchafu ukiingia, hata kidogo, hakuna wa kuuzuia.

Susu Hilde alichomwa na mwiba wa ua hapo bustanini. Mwiba tu! Tuliufuta, tukaendelea na mambo yetu. Jioni ile ile mkono ukawa mwekundu mpaka begani, mwili ukamtetemeka, akaanza kuniita jina la dada yake aliyekufa. Alilazwa. Alirudi, Mungu ni mwema, lakini mkono ulirudi mkubwa kuliko ulivyokwenda, na tangu hapo haujapungua. Kama mwiba ulifanya hivyo, wembe uliochanja watu wengine utafanya nini?

Uliniuliza kwenye simu, "Hospitali si walinikata pia? Tofauti yake ni gani?" Nilinyamaza, na Muthama akacheka akadhani umenishinda. Sikunyamaza kwa kushindwa. Nilinyamaza kwa hasira. Walikukata, wakakushona, wakakurudisha nyumbani bila neno moja kuhusu huo mkono. Wangekaa nawe dakika chache tu, tusingekuwa tunazungumza habari za pembe. Una haki ya kutowaamini. Lakini usimpe mwingine mwili wako kwa sababu wa kwanza alikukosea.

Unaloweza kufanya ni hili. Kunywa maji. Kunywa supu. Mwambie Muthama sheria yake imefutwa. Kiu haipunguzi mkono, inakuchosha tu. Rudi kwaya, hata kama huwezi kuinua kitabu, maana kuimba kunashusha pumzi mpaka tumboni na hiyo ni dawa ya bure. Mama Kioko asikukande tena, mwambie kwa upole, ni rafiki yako. Katunge ana mkono mwepesi, yeye ndiye afanye. Aanzie shingoni na kwapa la kushoto, halafu kifuani, halafu mkono kutoka juu kushuka. Unakumbuka baba akizibua mtaro kwenye matuta, alianza kule mwisho maji yanakomwagikia, hakuanza kule yalikosimama. Basi ni hivyo. Ngozi tu isogee, ikielekea begani. Akiona anafanya kazi ngumu, amekosea. Bendeji nilizompa Mama Ndinda zifungwe kuanzia vidoleni zikipanda, na si zile za chemist zinazovutika sana. Na pale hospitali kubwa mjini mwulizieni mtu wa fiziotherapi aone kwanza. Msione haya kuuliza.

Mwaitu, nikuambie linaloniuma? Kila asubuhi nashika mkono wa mama wa mtu mwingine. Ulrike amenifundisha, siku asizokuja nafanya mimi. Naufunga bendeji, naupaka mafuta, ananiambia asante mtoto wangu. Watoto wake wanaishi mji huu huu, sijaona hata mmoja akimshika mkono huo. Nami niko na mikono miwili inayojua la kufanya, na mama yangu amekaa Masii anasubiri wembe. Kuna siku namaliza kazi naingia chooni nalia, natoka nikiwa nimenawa uso. Likizo nimeomba, hawajanijibu. Nikiondoka bila ruhusa sirudi, na karo za watoto wangu unajua zinatoka wapi.

Nisalimie Muthama, ndugu yangu wa pekee, mwambie sijamkasirikia sana. Nisalimie wifi yangu Katunge, ninayemwita mke mwenza kwa utani, na wanangu wawili unaonilelea, waambie mama yao amesema wakusaidie kuchota maji. Nisalimie mjomba Nzioka wa ng'ambo ya mto, na Mama Kioko, na shangazi Syombua kama bado anasema mimi nimekuwa Mzungu. Nisalimie pia yule Mzee Abdi wa duka la nguo anayekuuliza habari zangu kila siku ya soko.

Mwaitu, nilikuwa nimeshamaliza hapo juu. Nilikuwa nimekunja karatasi. Leo ni Jumatano, na Mama Ndinda anasafiri kesho.

Muthama amenipigia asubuhi nikiwa kazini. Nilipoona jina lake saa hiyo nikaacha kazi nikapokea. Akasema yule mtu wa Mitaboni hakungoja siku mliyopatana. Alikuwa na mgonjwa mwingine hapo jirani, akasema apitie tu, mambo yaishe. Akapitia. Muthama alikuwa shambani. Katunge anasema ulimtolea kiti mwenyewe, ukakunja mkono wa blauzi mwenyewe, ukasema, "Fanya haraka, nimechoka."

Woi, Mwaitu.

Kwamba siku ya pili ulikuwa unatetemeka chini ya blanketi juani. Kwamba mkono ulikuwa mwekundu na wa moto, na mstari umepanda mpaka kifuani. Kwamba sasa uko wodini Machakos na umewekewa maji ya dripu. Nikamwuliza Muthama, "Dripu iko mkono gani?" Hakujua. Nikamwambia nenda uangalie. Akasema, "Wewe nawe, hilo ndilo la kuuliza?" Nikampigia kelele mpaka mwenzangu akachungulia mlangoni. Akaenda. Akarudi sauti imebadilika. "Ni ule wa kulia. Ule ule."

Nikamweleza kwa nini haifai, nikamwambia mwite nesi sasa hivi. Nilimsikia akimwita, nikamsikia nesi akisema mishipa ya kushoto imejificha, halafu Muthama akamweleza habari ya titi na ya kwapa, kwa maneno yangu lakini kwa sauti yake, bila kukosea. Nesi akarudi upande wa kushoto. Akasema, "Ngoja nijaribu tena." Aliipata ya kushoto. Mungu ambariki huyo nesi. Na Muthama pia, nimemsamehe sheria zake zote.

Ndipo akakuwekea simu sikioni. Hakuweka spika. Sauti yako ilikuwa ndogo. Nikakuuliza kama umekunywa chochote. Wewe ukaniuliza, "Ulisema umeniandikia. Umeandika nini?"

Nikasema, "Nimeandika usichanjwe."

Halafu ukasema, "Basi ilete tu. Nitaisoma."

Kwa hiyo naileta; Mama Ndinda ataipitisha hapo wodini akitua, hatangoja siku ya soko. Sijafuta kitu, isome yote. Ila lile la Katunge kukushika mkono, kwa sasa liache. Ulrike amenionya, nami nimeliona kwa Susu Hilde: mkono ukiwa mwekundu na wa moto haupapaswi, haufungwi bendeji. Unawekwa juu ya mto, unangoja dawa ifanye kazi. Wasikupime presha mkono huo, wasikuchome sindano hapo. Utaguswa siku daktari atakaposema umepoa, si kabla. Hayo yote niliyojifunza kwa mikono yangu, leo siwezi kukutumia hata moja. Nakutumia tu kwamba usiguswe.

Na najua Jumapili jumuiya watajaa wodini. Watapanga mstari kitandani, kila mmoja atakunyooshea mkono, na wewe kwa adabu yako utautoa wa kulia, hata kama unaungua, kwa sababu hujawahi kumsalimia mtu kwa wa kushoto. Mwaitu, wanyime. Wasalimie kwa mdomo tu. Wakikuona una majivuno, waambie ni mimi nimekataza.

Binti yako,
Mwende